Mchoro wa Sentensi za Sharti

Mchoro wa sentensi za sharti ni namna ya kuandika kauli za "kama… basi…" kwa herufi na mshale, ili mwelekeo wa hoja uonekane kwa macho. Hutumiwa sana na wanaojiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani na Canada uliofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1948. Mafumbo ya kupanga watu na vitu yaliondolewa Agosti 2024, na sasa sehemu mbili kati ya tatu zenye alama hupima uchambuzi wa hoja, dakika 35 kila moja.

Katiba ya Marekani inataka rais awe ametimiza miaka 35. Tukiandika R kwa rais na M kwa aliyetimiza umri huo, tunapata R → M. Kushoto hukaa sharti linalotosha, kulia sharti la lazima. Ukiambiwa fulani ni rais, umeshajua kwamba ametimiza umri huo. Ukiambiwa ana miaka 40, bado hujajua kazi yake.

Kutoka hapo ruhusa ni moja tu: kugeuza pande na kuzikanusha zote mbili. Si M → si R. Anayegeuza bila kukanusha amekosea, na anayekanusha bila kugeuza amekosea vilevile.

Kosa la kugeuza bila kukanusha limejificha hata ndani ya methali. "Dalili ya mvua ni mawingu" huchorwa mvua → mawingu. Mama anayeona wingu akakimbia kuanua nguo ana busara, lakini wingu halijathibitisha mvua. Mbingu isiyo na wingu ndiyo inayothibitisha kwamba hainyeshi.

Mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason alilionyesha jambo hili mwaka 1966 kwa kadi nne: E, K, 4 na 7. Kanuni: kadi yenye irabu upande mmoja ina namba shufwa upande wa pili. Zipi zifunuliwe ili kuipima? Wengi huchagua E na 4, au E peke yake. Jibu ni E na 7, kwani irabu nyuma ya 7 ingeivunja kanuni, ilhali 4 haiwezi kuivunja hata ikiwa na nini nyuma yake. Mwaka 1982 wanasaikolojia Griggs na Cox waliibadili kanuni iwe ya bia na umri wa mnywaji, na karibu robo tatu ya waliojaribiwa wakapata jibu sahihi.

Maneno madogo ndiyo yanayotega zaidi. "Waliojiandikisha tu ndio wanaopiga kura" ni kura → kujiandikisha, ingawa mpangilio wa maneno unavutia mshale upande mwingine. "Hatuondoki mpaka gari lije" ni kuondoka → gari. Haiahidi kwamba gari likija safari itaanza. Na "baadhi ya mawakili ni walimu" haichorwi kwa mshale huu kabisa, maana haisemi lolote kuhusu kila wakili.