Pombe ya Ndizi na Uchumi Mzunguko: Kutoka Old Kampala hadi Kiteezi

Wataalamu wa uchumi siku hizi wanazungumza sana kuhusu uchumi mzunguko, yaani utaratibu ambamo takataka ya kazi moja huwa malighafi ya kazi nyingine. Watengenezaji wadogo wa bia nao wanahimizwa kuufuata. Lita 100 za bia ya nafaka huacha takriban kilo 20 za machicha mabichi. Yakitupwa, huoza na kunuka; yakipelekwa kwa mfugaji, huwa chakula cha ng'ombe na nguruwe. Istilahi hii ni mpya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nchini Uganda jambo lenyewe ni la zamani, na kwamba lugha zetu zimehifadhi sehemu ya historia yake.

Tuanzie kwenye kilima cha Old Kampala. Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi hapo Desemba 1890 na kujenga ngome. Makao ya serikali yalipohamishiwa Nakasero mwanzoni mwa karne ya 20, kilima hiki kikabaki na jina la Kampala ya kale. Leo kileleni pana Msikiti wa Kitaifa, na huenda msomaji akashangaa kwamba habari ya pombe inaanzia hapo. Sababu yake itaonekana baadaye.

Lugard aliikuta Buganda ikiwa nchi ya migomba. Pombe ya huko, omwenge, ilitokana na ndizi ziitwazo embidde. Ndizi ziliivishwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba, zikamenywa, kisha zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi za lusenke ndani ya chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi. Ndiyo maana chombo hicho huitwa eryato, neno lile lile la mtumbwi, na pombe yake omwenge bigere, yaani pombe ya nyayo. Maji ya ndizi, omubisi, yalichanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa kwa majani na kuachwa yachachuke kwa siku moja au mbili.

Sasa tuhesabu mabaki. Maganda yalikwenda kwa mbuzi au yakarudi shambani. Nyasi zilizokamuliwa, machicha ya mtama na majani makuukuu yalitandazwa chini ya migomba, yakahifadhi unyevu na kuurudishia udongo rutuba yake. Vibuyu vya kunywea viliota shambani humo humo, na vilipopasuka viliozea humo. Mzunguko wote ulikuwa na upana wa shamba moja.

Wageni wa kilimani waliongeza hatua nyingine. Mwishoni mwa 1891 Lugard alirudi Old Kampala akiwa na askari wa Kisudani aliowakuta karibu na Ziwa Albert, mabaki ya jeshi la Emin Pasha. Wazao wao ndio Wanubi wa leo. Wapo wanaosema kwamba jina waragi limetokana na maneno ya Kiingereza war gin, yaani jini ya vita. Wengine hulihusisha na neno la Kiarabu araki, kinywaji kinachodondoka kama jasho, lililoletwa na askari hao. Mimi naona maelezo ya pili yana uzito zaidi, kwa kuwa Wanubi walijulikana kwa ufundi wa kukeneka pombe. Pombe ya ndizi haikai siku nyingi kabla ya kuwa chungu; kwa kuikeneka, iliyokaribia kuharibika iligeuka kuwa kinywaji cha kuuzwa.

Mzunguko huu ulikatwa na mji. Ndizi zilipoanza kusafirishwa kwa malori, maganda yalibaki Kampala na udongo wa vijijini ukapoteza chakula chake. Kibuyu kikaachia nafasi chupa, kisha vifuko vya plastiki vya waragi vilivyoziba mitaro hadi vilipopigwa marufuku mwaka 2019. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililopokea taka za Kampala, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Sehemu kubwa ya taka za mji huu ni mabaki ya vyakula na mimea, yakiwemo maganda ya ndizi, vitu ambavyo zamani havikuitwa taka.

Hata hivyo, tusiyasifu ya kale kupita kiasi. Si kila kinachotumiwa tena ni salama: pipa lililobeba kemikali halifai kukenekea pombe, na mwaka 2010 waragi yenye methanoli iliua watu wengi huko Kabale. Mzunguko wa kweli humtaka mtu ajue kila kitu kimetoka wapi.

Hapa ndipo kazi yetu walimu na wanafunzi wa Kiswahili inapoanza. Mtu wa Bukoba akisema rubisi na Mchaga akisema mbege, wanazungumzia ufundi wa ukoo mmoja. Mwanafunzi akirudi kwao likizoni, amwulize bibi majina ya kila chombo na kila baki, na kila kimoja kilipelekwa wapi. Kitu kikikosa jina, hakichelewi kuitwa taka.