Taa Nzuri Sebuleni, Giza Gerejini: Historia ya Mwanga wa Fundi

Hebu nikuulize swali moja. Nyumbani kwenu, ni chumba gani kina taa mbovu kuliko vyote? Sebuleni kuna zile taa za kuzunguka dari, zingine hata zinabadilisha rangi. Getini kuna taa ya usalama inayomulika mpaka kwa jirani. Halafu ukiingia gerejini, mahali palipo na msumeno wa stima, randa, drili na patasi zenye makali, unapata balbu moja katikati ya dari, imejaa vumbi na utando wa buibui.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Mzee wangu ni seremala. Alipochoka kulipia kibanda alihamishia kazi gerejini, meza ikawekwa kando ya ukuta. Sasa fikiria: balbu iko katikati, meza iko ukutani, kwa hivyo kila jioni alikuwa anafanya kazi akiwa ameipa taa mgongo. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa kinaangukia ule mstari wa penseli aliotakiwa kuufuata. Mwaka jana msumeno ukamkata ncha ya kidole cha mkono wa kushoto. Watu wakasema mzee amechoka, macho yamezeeka, apumzike. Mimi nasema hapana. Macho yake yalikuwa sawa. Kilichokuwa kibaya ni taa. Na nilipoanza kufuatilia ni kwa nini fundi wa Kenya amezoea kufanya kazi gizani, nikaona kwamba ile balbu moja ina historia ndefu kuliko umri wa mzee.

Tuanze 1908. Kampuni ya umeme yenyewe husimulia hivi: mfanyabiashara wa Mombasa aliyeitwa Harrali Esmailjee Jeevanjee alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na kutokana nayo ikaanzishwa kampuni ya kusambaza umeme katika kisiwa cha Mombasa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya kipekee ya kuuzia Nairobi umeme. Mwaka wa 1922 biashara hizo mbili ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting Company. Angalia hilo jina. Taa zimo ndani ya jina. Mwaka wa 1983 likabadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting Company, na kuanzia 2011 kwenye mabango tunasoma Kenya Power tu. Kisheria taa bado zimo, lakini kwenye bango zilishaondoka.

Sasa, kuwa na kampuni ya taa si kuwa na taa. Zile nyaya za kwanza zilifuata pesa: mitaa ya matajiri, ofisi, hoteli, viwanda. Mpango wa serikali wa kupeleka stima mashambani ulianza 1973, yaani miaka 10 baada ya uhuru, na mradi wa kuunganisha maboma yaliyo karibu na transfoma ulianza 2015. Katikati hapo Wakenya wengi waliishi na koroboi, taa ya chemni, na kwa waliojiweza, karabai ya kupigwa pampu. Na unajua koroboi ilitoka wapi? Ilitengenezwa na mafundi wetu wenyewe kwa mabati ya mikebe iliyotupwa: mkebe, utambi wa pamba, mafuta taa, basi. Fundi aliwatengenezea majirani taa ya kusomea watoto, huku yeye mwenyewe jua likizama anafunga kazi. Mwali wa koroboi hauwezi kukuonyesha kama pembe ya droo imekaa sawa. Unakuonyesha tu mahali droo ilipo.

Ndiyo maana huwa nacheka kidogo, kicheko cha uchungu, nikisikia watu wakisifu jina la jua kali kama nembo ya taifa. Jina lilitokana na watu waliofanya kazi nje, juani, bila paa. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti maarufu kuhusu ajira nchini Kenya, na ikawafanya wataalamu wa ulimwengu waanze kuitazama sekta hii kwa heshima badala ya kuiona kama uchafu wa kufagiliwa. Katika miaka ya 1980 serikali ya Moi ikajenga vile vibanda vya Nyayo, Kamukunji ikiwa mfano mkubwa. Paa likapatikana. Shukrani. Lakini paa lina tabia moja: linazuia mvua, linazuia jua, na pia linazuia mwanga. Fundi aliyekuwa anachomwa na jua akapata kivuli, na ndani ya kivuli hicho hakuna aliyefikiria ataonaje. Jua lilikuwa adui wake, lakini pia lilikuwa taa yake ya bure. Hapo ndipo balbu moja ya katikati ilipozaliwa, na mafundi walipohamia gerejini walikuja nayo.

Walioweza kupata taa nzuri zaidi walifunga tiubu, zile ndefu nyeupe za futi 4, za aina iliyoingia sokoni Marekani 1938. Zilitoa mwanga mwingi kwa stima kidogo kuliko balbu ya waya. Lakini zile za zamani, zenye choki na stata, zilikuwa na ujanja mmoja hatari. Stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hivyo tiubu ya choki hufifia na kung'aa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Lakini chukua mashine ya kukereza inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, na kichwa chake kina meno 4 ya kushikilia kazi. Kila taa inapong'aa, kichwa kimezunguka robo kamili, na jino moja limekaa pale pale lilipokuwa lingine. Matokeo yake kichwa kinaonekana kama kimesimama. Unanyoosha mkono kwa kitu unachodhani kimetulia, kumbe kinazunguka kwa kasi ya kuvunja mfupa. Mafundi wa mashine wamefundishwa kuogopa jambo hili kwa miaka mingi. Wa kwetu wengi walifundishwa na kovu.

Sasa njoo kwa LED, na hapa historia inanifurahisha, manake shujaa wake ni fundi. Mwaka wa 1962 Nick Holonyak, Mmarekani, alionyesha LED ya kwanza iliyotoa mwanga mwekundu wa kuonekana na ya kutumika. Kwa miaka 30 hivi LED zikabaki vitaa vidogo vya redio, saa na vikokotoo. Shida ilikuwa rangi ya buluu. Bila buluu huwezi kupata mwanga mweupe, na kampuni kubwa kubwa zilikuwa zimechoka kuitafuta. Kule Nagoya, Japani, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano hawakukata tamaa. Na katika kampuni ndogo iitwayo Nichia, mkoani Tokushima, mtu mmoja anayeitwa Shuji Nakamura alikuwa anachomelea na kurekebisha mitambo yake kwa mikono yake mwenyewe, anavunja, anaunda tena. Mwishoni mwa 1993 kampuni hiyo ikatangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali. Ukiipaka unga maalum wa njano, buluu na njano zinachanganyika jicho likaona nyeupe. Hiyo ndiyo taa iliyo dukani leo.

Na malipo yake? Nakamura alipewa bonasi ya kama yeni 20,000. Alienda mahakamani, na mwaka wa 2005 wakapatana kwa zaidi ya yeni milioni 800. Mwaka wa 2014 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nikimsimulia mzee hadithi hii alitikisa kichwa akasema, "Kumbe hata Japani fundi hulipwa mwisho."

Basi tukaamua gereji yetu itoke 1908. Nilichora kwanza kabla ya kununua, na hapa ndipo watu wengi hukosea: wanaenda dukani, wanaulizwa "unataka wati ngapi?", wananunua taa moja kali, wanaifunga pale pale katikati. Hesabu ni rahisi. Gereji yetu ni mita 3 kwa 6, yaani mita za mraba 18. Kazi ya mkono yenye vipimo inataka kama lumeni 500 kwa kila mita ya mraba, kwa hivyo 9,000. Kuta chafu na vumbi humeza sehemu yake, kwa hivyo nikalenga 12,000. Tiubu ya LED ya wati 18 hutoa kama lumeni 1,800. Hiyo ni tiubu 7, jumla wati 126. Ile balbu ya zamani ya wati 60 hutoa kama lumeni 700, kwa hivyo kupata mwanga ule ule ungehitaji balbu 18 na zaidi ya wati 1,000. Ndiyo maana simlaumu mzee kwa zile jioni zote. Miaka hiyo mwanga wa kutosha ulikuwa anasa. Leo si anasa tena, na hapo ndipo lawama inaanza kuwa yetu.

Tiubu 4 tukaziweka kwa mstari mmoja juu ya ukingo wa mbele wa meza, ili mwanga ushuke mbele ya mtu na kivuli kisianguke kwenye kazi. Tiubu 3 tukazipanga upande wa pili. Dari na kuta tukazipaka rangi nyeupe kwanza, manake rangi nyeupe ni taa ya bei rahisi kuliko zote. Tulichagua zilizofunikwa kwa plastiki, kipande cha mbao kikiruka kisivunje kioo kichwani mwa mtu. Kabla ya kulipa nilielekeza kamera ya simu kwa kila aina: ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini, hiyo LED inapepesa kama tiubu ya babu yake, iache dukani. Na kwa sababu mzee hupaka vanishi, tuliangalia pia namba inayoonyesha kama rangi zitaonekana jinsi zilivyo. Chini ya 80 usinunue, na karibu na 90 ni bora.

Kufunga waya hatukujaribu wenyewe. Tulimwita fundi wa stima mwenye leseni. Akazima swichi kubwa, akapima kuhakikisha hakuna stima, ndipo akapanda ngazi. Ndani ya dari alipata waya nyekundu na nyeusi za zamani zikiwa zimeunganishwa na za kahawia na buluu za siku hizi, na waya ya ardhi haikuwepo kabisa. Akaiweka. Kisha akatenganisha taa na soketi za mashine, kila moja na swichi yake ya kujikata. Hilo sikuwa nimelifikiria. Msumeno ukizidiwa na kukata stima, taa haziendi nao. Mtu habaki gizani na meno ya msumeno bado yanazunguka. Na kwa sababu hapa kwetu stima hupotea bila hodi, taa moja ni ya betri, inajiwasha yenyewe.

Usiku wa kwanza mzee aliwasha akasimama mlangoni, kimya. Halafu akaniambia, "Kijana wangu, umenifungulia hospitali." Akaenda mezani, akachukua kiti alichokuwa amemaliza wiki iliyopita, akakigeuza geuza. Akaona mikwaruzo ya msasa aliyokuwa haioni. Akakaa chini akaanza kukisugua upya.

Sasa kuna watakaoniambia kwamba fundi mzuri anafanya kazi hata gizani, baba zetu walifanya. Ni kweli walifanya. Pia walipoteza vidole, na tukaviita uzoefu. Kwa zaidi ya miaka 100 mwanga katika nchi hii umeenda kwanza kwa anayetazama, mwisho kwa anayetengeneza. Wakoloni waliuanza mpango huo, lakini wewe na mimi tunauendeleza kila tunaponunua taa ya kurembesha dari ya sebule huku mtu wetu anakata mbao kwenye kivuli chake.

Leo usiku ingia gerejini kwenu, simama mahali fundi wenu husimama, utazame mikono yako. Ukiona kivuli chako kabla ya kuiona kazi, ujue la kufanya kabla ya mwisho wa mwezi.