Fizi, Nchi ya Hewa Mbili

Mtu aondokaye alfajiri Baraka, mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, akauacha nyuma mchanga uliotandazwa ndagala, akaishika njia ipandayo kwenda Fizi, na kutoka hapo akaendelea siku kadhaa hata malisho ya Minembwe, hana haja ya kuambiwa kwamba amebadili nchi, kwa maana mwili wake wenyewe utamwarifu: jasho la ziwani litakauka, michikichi itakoma kando ya njia, na usiku utakapoingia atausogelea moto na kuomba blanketi. Ziwa Tanganyika limekaa kiasi cha mita 773 juu ya usawa wa bahari. Minembwe imepita mita 2,000, na vilele vya Itombwe vimezidi 3,400. Baina ya hapo chini na huko juu zipo hewa mbili, na tarehe ya watu wa Fizi, ukiichungua vyema, ni tarehe ya kupanda na kushuka kati yake.

Mwaka wa nchi hii umegawanyika mara mbili. Mvua huanza Septemba au Oktoba na kudumu hata Mei, kisha huingia kiangazi, ambapo nyasi za vilimani huchomwa moto na moshi wake huiziba milima machoni pa watu wa mwambao. Ndio wakati wa kusi. Upepo huo huyasukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini, na huko kusini, mahali yalipotoka, hupanda maji baridi ya kilindini yenye rutuba. Upepo ukitulia, ziwa zima, ambalo kina chake hufika mita 1,470, huyumba polepole mfano wa maji katika karai lililoinamishwa kisha likawekwa sawa. Katika rutuba hiyo hupata riziki ndagala, na kwa ndagala hupata riziki mikebuka na wanadamu. Wavuvi wa zamani waliwasha kuni ndani ya mitumbwi usiku usio na mwezi, wakawachota samaki waliofuata mwanga kwa lusenga, wavu wa duara wenye mpini mrefu. Leo taa imechukua mahali pa kuni, walakini hesabu haikubadilika: kwenye giza huvuliwa, kwenye mbalamwezi hushonwa nyavu. Nao akina mama waanikao mchangani huitazama mbingu kuliko mtu yeyote, maana mvua moja ya Novemba ikiwakuta ndagala hawajakauka, kazi ya usiku kucha imeharibika.

Huko juu, mwaka una hesabu nyingine. Baridi ya uwandani iliwafaa ng'ombe, kwa kuwa mbung'o hakuipenda. Ila kiangazi kilipoyakausha malisho, wafugaji Wanyamulenge waliyashusha makundi kuelekea mabonde ya Lulenge na Ngandja, katika ardhi ya Wabembe, na kwa idhini ya kupita na kulisha wakawapa watemi wa nchi haki yao iitwayo itulo. Mkataba huo haukuandikwa na karani yeyote. Aliyeulazimisha ni majira yenyewe. Ulipoheshimiwa, mkulima na mfugaji walikutana kila mwaka na kuagana. Ulipovunjika katika vita vya siku zetu, kiangazi, ambacho zamani kilikuwa msimu wa makutano, kiligeuka kuwa msimu wa hofu.

Hata ziwa lenyewe lina tarehe yake. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walipita kwa mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira, na Burton akaiandika Ubwari kuwa ni kisiwa. Mpelelezi Stanley ndiye aliyebainisha, alipolizunguka ziwa mwaka 1876, kwamba ni rasi iliyoungana na bara. Siku zile maji yalikuwa juu sana. Njia yake ya kutokea, mto Lukuga, ambao mpelelezi Cameron aliufikia mwaka 1874, ilikuwa imezibwa na majani na matope. Mnamo mwaka 1878 kizuizi kikavunjika, na mwaka uliofuata mmisionari Hore akayaona maji yakitoka kwa kasi kwenda magharibi. Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi ziwa lilishuka takriban mita 10, na mwambao wote ukapata ardhi mpya, tambarare, nyepesi kwa jembe.

Watu waliipokea kama zawadi. Lakini mwambao ulikuwa na gharama yake, nayo ni maradhi. Mapadri Weupe waliojenga Kibanga mwaka 1883, karibu na ghuba ya Burton, waliihama baada ya miaka kumi. Kisha, mwanzoni mwa karne ya ishirini, malale yakazivamia kando za ziwa. Ndiyo maana mlima haukukoma kuwa kimbilio. Mwanamapinduzi Che Guevara na wenzake, waliotua Kibamba mwezi Aprili 1965, waliweka kambi yao juu ya mlima. Na Laurent-Désiré Kabila, alipoendeleza uasi wake katika milima ya Fizi kwa miaka mingi, makao yake yaliitwa Hewa Bora. Jina hilo halihitaji mfasiri.

Nayo ile zawadi ya mwambao, haikuwa zawadi bali azima. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 zililiinua ziwa mfululizo hata mwaka 1964; na katika miaka hii tuliyo nayo, 2021 na tena 2024, maji yameingia majumbani Uvira, Baraka na Kalemie. Hatari ya pili hushuka mlimani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025, mafuriko yalikipiga kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, yakawachukua makumi ya watu hali wamelala.

Serikali iliweka hifadhi ya Itombwe mwaka 2006 na ya Ngandja mwaka 2016, na wengi hudhani kwamba hayo ni mambo ya sokwe na ndege. Sivyo. Msitu ndio unaoipokea mvua ya Aprili na kuiachia mito kidogo kidogo. Ukikatwa, mvua ile ile hushuka yote kwa usiku mmoja. Basi, ewe mwana wa Fizi, unapopima kiwanja ufukweni, waulize wazee maji ya mwaka 1964 yalifika wapi, ujenge juu ya hapo; na unapoinua shoka mlimani, ukumbuke kwamba chini ya mti ule, mwendo wa mto mmoja tu, amelala ndugu yako.