Melville Haikufundisha Nazi

Kwa Wakenya wengi, jina Kennedy linakuja na ndege. Mwaka wa 1960 wakfu wa familia yake ulitoa pesa za kupeleka wanafunzi kutoka huku kusoma Marekani. Lakini mimi huvutiwa zaidi na shule aliyosomea yeye mwenyewe, na simaanishi Harvard.

Ilikuwa Melville, Rhode Island. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliifungua mwaka wa 1942 kufunza mabaharia wa boti ndogo zilizoitwa PT. Hebu fikiria boti ya mbao, urefu wa mita 24, injini 3 za petroli, ikikimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Kazi yake: kunyemelea manowari ya chuma usiku, kurusha topido, kisha kutoroka. Risasi moja kwenye tangi la mafuta, na mambo kwisha.

Wanafunzi walilala kwenye mabanda ya mabati. Walijifunza injini, redio, bunduki, topido na kusoma ramani ya bahari. Na kila mtu alifunzwa kazi ya mwenzake pia. Watu 12 hivi kwenye boti moja ni wachache. Mpiga bunduki akianguka, fundi wa injini ashike bunduki. Kennedy alihitimu hapo, akabaki kidogo kama mwalimu, kisha akaomba kwenda vitani.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943, boti 15 zilitoka kuvizia manowari za Wajapani katika Visiwa vya Solomon. Zenye rada zilikuwa 4 tu. Ile iliyoongoza kundi la Kennedy ilirusha topido zake ikarudi kambini. PT-109 ikabaki gizani bila rada, ikienda polepole kwa injini moja ili isionekane. Manowari Amagiri ikatokea ghafla, ikaikata vipande viwili. Wawili wakafa. Walionusurika 11 waliogelea saa kadhaa hadi kisiwani, Kennedy akimvuta mwenzake aliyeungua kwa kuuma mkanda wa jaketi lake la kuokolea.

Sasa hapa ndipo stori huwa inamezwa na sifa za Kennedy. Waliowapata ni vijana wawili wa Solomon, Biuku Gasa na Eroni Kumana, wapelelezi waliotumia mtumbwi. Karatasi haikuwepo, kwa hivyo ujumbe ulichongwa kwa kisu kwenye nazi. Wakaupiga kasia zaidi ya kilomita 50, kwenye maji ya adui. Wangekamatwa nayo, nazi hiyo ingewaua.

Sibezi Melville. Ile tabia ya kujua kazi ya mwenzako ni elimu ya maana. Lakini hakuna darasa lililoweza kuziba pengo la rada. Na maji yale, mikondo yake, visiwa vyake, Gasa na Kumana waliyajua kwa kuishi nayo.

Kifuu kile kilikaa juu ya meza ya Kennedy Ikulu ya Marekani. Gasa alifariki mwaka wa 2005, Kumana mwaka wa 2014. Ukikutana na picha ya ile meza, usiangalie rais peke yake. Angalia kifuu, kisha uwataje waliokibeba.