Omoroti, kibanda na soko: nani anaruhusiwa kugusa matokeo?

Ligi kubwa za Ulaya zikienda mapumzikoni, vibanda vya kubeti havifungwi, wala Tarime mjini, wala Sirari mpakani, wala Nyamongo. Watu wanageukia tenisi. Ukimwondoa Angella Okutoyi wa Kenya, aliyetwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022, majina mengi kwenye orodha ni ya watu ambao mbetiji wa mpakani hajawahi kuwaona wakishika raketi. Hilo halimzuii. Tenisi haina sare. Kuna wawili tu, mmoja atashinda. Kwa anayetaka kujua utabiri unauzwaje, hakuna mchezo ulio mwepesi kuusoma kuliko huo.

Utabiri wenyewe si mgeni mkoani Mara. Wakurya walikuwa na abaroti (mmoja wao ni omoroti), watu walioaminiwa kuyaona yajayo, na Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ukuryani miaka ya 1950, aliwaandikia makala nzima katika jarida la Africa mwaka 1991. Upande wa Serengeti, Waikoma na majirani zao walikuwa wakiwaendea watabiri wa Kitatoga, wafugaji wa lugha nyingine kabisa ambao wakati mwingine walikuwa mahasimu wao. Machaba, zile pembe mbili za ndovu ambazo Waikoma wanazitunza kama kitu kitakatifu, wenyewe husimulia kwamba walipewa na mtabiri wa Kitatoga. Yaani hata zamani, kwenye jambo la kesho, watu walikuwa tayari kumlipa mgeni.

Sasa tazama kazi ya mtabiri wa zamani. Omoroti akisema balaa linakuja, hapo ndipo shughuli inapoanza. Wazee wa inchama, baraza la siri, wanakaa faraghani. Mnyama anachinjwa, utumbo wake unasomwa. Kwa Waikoma na Wanata, rika linatembea kuizunguka nchi na dawa ya kinga. Balaa lisipokuja, hakuna anayesema mtabiri alikosea. Watasema kinga imefanya kazi. Mtu wa hesabu atacheka: mtabiri wa namna hiyo hashindwi kamwe. Ni kweli, na ni udhaifu mkubwa. Lakini anayecheka asisahau kwamba utabiri ule haukukusudiwa kupimwa kwa hesabu. Ulitolewa ili watu wafanye jambo, wayageuze matokeo kabla hayajafika.

Kibandani mambo yamepinduka. Huko anayebashiri haruhusiwi kabisa kuyagusa matokeo, na akiyagusa ni kosa. Kazi yake ni kukubali bei. Tuseme kampuni imempa Mchezaji A odi 1.50 na Mchezaji B odi 2.55. Gawanya moja kwa kila odi: A anapata asilimia 66.7, B asilimia 39.2. Jumla ni 105.9, wakati uwezekano wote duniani hauzidi 100. Zile 5.9 zilizozidi ndizo ugali wa kampuni, na zimeshaingizwa kwenye bei kabla mpira wa kwanza haujapigwa.

Kwa mechi moja si nyingi. Balaa ni mkeka, yaani dau moja lililounganisha mechi nyingi. Chukua vigogo kumi wa tenisi, kila mmoja kwa odi 1.25, wale ambao kila mtu anasema ni “uhakika”. Odi zikizidishwa zinafika 9.31, na shilingi 1,000 inaahidi zaidi ya 9,300. Lakini kama kila kigogo kwa haki yake ana nafasi ya asilimia 76, uwezekano wa wote kumi kushinda ni kama asilimia 6.4 tu. Zidisha: ile shilingi 1,000, mara tu mkeka unapochapwa, thamani yake ni kama 600. Mia nne zimeondoka bila mtu kufungwa hata gemu moja, na kodi ya ushindi bado haijakatwa. Mkeka ukichanika kwa mchezaji mmoja, mwenye nao anamlaumu mchezaji yule. Nadhani lawama ingeanzia kwenye karatasi yenyewe.

Soko la utabiri ni ukoo mwingine. Kalshi, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2018, na Polymarket, iliyofuata mwaka 2020, hazikupangii odi. Zinaweka meza, watu wananunua na kuuziana hisa ya “ndiyo” au “hapana”. Hisa ya mshindi inalipa dola moja, ya mshindwa hailipi kitu. Hisa ya A ikiuzwa senti 64, soko linasema A ana nafasi ya kama asilimia 64. Ya B inaweza kuwa senti 37, jumla 101. Kwa kiwango hicho 10,000 yako juu ya A ingerudi kama 15,600 kabla ya ada, wakati kibandani ingerudi 15,000. Tena unaweza kuiuza hisa yako katikati ya seti ya pili kwa bei ya wakati ule, kama mtu anayemtoa ng'ombe mnadani kabla kiangazi hakijamkondesha. Kwa upande wa bei, soko linakishinda kibanda, wala si kwa kubahatisha.

Hata hivyo bei safi haimaanishi mchezo safi. Tarehe 2 Agosti 2007 mjini Sopot, Poland, Nikolay Davydenko, aliyekuwa wa nne duniani, alikutana na Martin Vassallo Argüello wa Argentina, aliyekuwa mbali sana chini yake. Siku hiyo watu walikuwa wakiuziana dau kwenye Betfair, jukwaa la Uingereza lililoanza mwaka 2000 na kuyatangulia masoko haya ya leo. Davydenko alishinda seti ya kwanza 6-2. Kwa kawaida odi yake ingeshuka. Badala yake fedha ziliendelea kumiminika kwa Vassallo Argüello, kana kwamba kuna watu wenye habari. Davydenko akapoteza seti ya pili, na katika ya tatu akajitoa akisema ameumia. Dau la siku hiyo lilikuwa kama dola milioni 7, kiasi kisichokuwa cha kawaida hata kidogo kwa mechi ya namna hiyo. Betfair ikafuta dau zote. Uchunguzi wa ATP, chombo kinachosimamia tenisi ya wanaume, uliomalizika mwaka 2008 haukuona ushahidi dhidi ya wachezaji hao wawili.

Hapo mila hizi zinaachana kabisa. Katika soko, kila harufu ya mtu kuyagusa matokeo ni kashfa. Kwa omoroti, mtabiri asiyewasukuma watu kuyagusa matokeo hana kazi.

Inabaki habari ya mgogoro. Mchezaji akijitoa kwa maumivu katikati ya mechi, nani ameshinda dau? Kampuni moja inarudisha hela, nyingine inalipa ikiwa seti moja imekamilika, nyingine inamhesabu anayesonga mbele. Kwenye Polymarket, matokeo yakibishaniwa, huamuliwa kwa kura za wenye tokeni za kidijitali za UMA, na mwenye tokeni nyingi ana kura nyingi. Mwaka 2025 soko la zaidi ya dola milioni 200 lilibishania kama Rais Zelenskyy wa Ukraine alivaa suti, na waliomwona kwenye picha amevaa suti walishindwa kwa kura. Linganisha na iritongo, baraza la wazi la Wakurya, ambako mlalamikaji anasimama mbele ya watu wanaomjua na kusikilizwa. Mwenye mifugo mingi alisikilizwa zaidi hata huko, tusijidanganye. Lakini uso wake ulionekana, na kesho yake mlikutana kisimani.

Kwa hiyo, kwa bei nachagua soko. Kwa haki nachagua iritongo. Mkeka sioni ulichonacho ila ahadi ya 9,300. Kama una zaidi ya miaka 18 na umeamua kuweka dau kwenye tenisi, hakikisha kwanza kama jukwaa lina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania, maana kwenye soko la utabiri linalotumia sarafu za kidijitali kama USDC hakuna wakala wa Sirari wa kumlalamikia. Kisha tafuta kifungu cha mchezaji kujitoa. Usipokiona, hela yako iache kwenye simu.