Sikio la Hotuba

Lugha yetu imeipa maikrofoni jina la kipaza sauti, na jina hilo hilo hupewa spika itoayo sauti mbele ya umma. Kwa mazungumzo ya kila siku jina moja latosha. Kwa mwanahistoria halitoshi. Maikrofoni haipazi kitu. Kazi yake ni kusikia, na kila sikio lina lisikialo na limpitalo. Hoja ya makala haya ni kwamba achaguaye maikrofoni ya kunasa hotuba huchagua pia, ajue asijue, ni nani atakayesikika miaka mingi baadaye.

Maikrofoni za kwanza zilizofaa kazi zilikuwa za makaa. Mwaka 1878 David Edward Hughes alieleza huko London jinsi vipande vya makaa vilivyogusana vinavyobadili nguvu ya umeme upitao kati yake, kila vitikiswapo na sauti. Chombo hicho kilikuwa na nguvu, walakini kilichanganya maneno ya msemaji na mvumo wake chenyewe. Tarehe 19 Septemba 1919 Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliuhutubia umati uliokadiriwa kuwa watu 50,000 katika uwanja wa San Diego, kwa msaada wa vyombo vya Magnavox. Alisimama ndani ya kibanda cha vioo, na sauti yake ikatoka katika pembe zilizowekwa juu. Alisikika mbali kuliko koo la binadamu liwezavyo. Lakini kati yake na wasikilizaji wake palikuwa na kioo.

Baadaye masikio ya chombo yalizidi kuwa makini. E. C. Wente wa Western Electric alikuwa amekwisha buni maikrofoni ya kondensa mwaka 1916, ambayo ilinasa sauti kwa uaminifu mkubwa, ingawa ilihitaji umeme wa kuiendesha na uangalizi mwingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Harry F. Olson wa RCA akaiendeleza maikrofoni ya utepe, yenye ukanda mwembamba wa alumini uliotundikwa katikati ya sumaku. Hiyo husikia mbele na nyuma kwa kadiri moja, na kwa ubavuni ni kiziwi. Iliwafaa sana wasemaji wa redio ndani ya chumba kilichotulia. Nje, upepo mkali waweza kuuharibu utepe wake.

Mwaka 1939 kampuni ya Shure ilitoa maikrofoni ya Unidyne, kazi ya Benjamin Bauer. Usikivu wake una umbo la moyo: husikia sana mbele, kidogo ubavuni, na karibu haisikii kitu nyuma. Sababu ya kupendwa kwa namna hii si ngumu kueleza. Sauti ya spika ikirudi katika maikrofoni na kupazwa tena, hutokea ule mlio mkali unaokera masikio mikutanoni. Maikrofoni yenye nyuma kiziwi hupunguza balaa hiyo. Basi chombo kikaelekezwa kinywani mwa msemaji, na mgongo wake ukawaelekea watu.

Hapo ndipo penye shida. Aghalabu mnasaji huchukua sauti kutoka maikrofoni ile ile iliyowekwa kwa ajili ya uwanja, na kumbukumbu ya taifa ikarithi uziwi uliochaguliwa kwa sababu ya spika. Katika Afrika Mashariki hotuba ya hadhara ni ya pande mbili. Jomo Kenyatta alipotamka harambee, neno halikukamilika mpaka umma ulipoitikia. Ukanda uliohifadhi mwito na kuupoteza mwitikio umehifadhi nusu ya hotuba, na msomaji wa kesho aweza kudhani kwamba kiongozi alisema peke yake na watu wakanyamaza. Hata huko Washington, tarehe 28 Agosti 1963, mbele ya Martin Luther King palikuwa na maikrofoni nyingi. Lakini habari kwamba mwimbaji Mahalia Jackson alimhimiza awaeleze watu habari za ndoto imetufikia hasa kwa ushahidi wa waliokuwa karibu naye.

Je, mnasaji afanyeje? Kwa msemaji, maikrofoni ya umbo la moyo yafaa, iwekwe kadiri ya shubiri moja kutoka kinywani. Ikisogezwa mbali, vishindo vya mahali huyameza maneno. Ikikaribia mno, sauti huwa nzito kuliko ilivyo. Penye upepo ivikwe sifongo. Penye vumbi na misukosuko, ile ya koili na sumaku ni stahimilivu kuliko ya kondensa. Kisha, na hili ndilo husahauliwa, iwepo maikrofoni ya pili inayowaelekea wasikilizaji, mbali na spika, nayo inaswe katika njia yake yenyewe, isichanganywe na ya kwanza. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kuikosa.

Nasi tusomao hotuba za zamani kwa kuzisikiliza, yatupasa tuulize kwanza maikrofoni ilielekezwa wapi. Ukimya wa watu katika ukanda si ushahidi kwamba walinyamaza.