Kandili na candle ni ndugu

Msikilizaji, mtoto akijifunza Kiingereza, neno candle, yaani mshumaa, huonekana geni. Kumbe lina ndugu yake hapa Kaole: kandili, taa ya mafuta. Yote mawili yametokana na candela, neno la Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kiingereza kililichukua moja kwa moja kutoka Kilatini. La kwetu lilipitia Kigiriki, likawa qindil kwa Waarabu, kisha likafika pwani yetu, yenye magofu ya msikiti wa karne ya 13.

Vivyo hivyo sirati, njia iliyonyooka, na street, barabara ya mtaani: wataalamu wengi huyarudisha kwenye strata, barabara ya Warumi iliyotandikwa mawe.

Basi mtoto akikwama, tunashauri aanzie kwenye kandili.